Muvea na Shimo la Baba Yako Mkubwa

Kioko, Mzee wangu,

Shuleni tulifundishwa kuanza barua kwa kuuliza hali. Yako naijua. Umekula muthokoi sahani mbili, umeoga, umeenda kuaga wenzako wa kwaya, na jua bado liko juu ya kilima. Mimi nimekaa hapa mlangoni mwa jikoni na karatasi juu ya mapaja. Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo utanikatiza. Babu yako ambaye umerithi jina lake alikuwa hivyo hivyo, hakumwacha mtu amalize. Ndiyo maana tangu ukiwa wa kunyonya nilikuita Mzee, watu wakicheka. Jina la baba mkwe halitamkwi ovyo na mke wa mwanawe, hata akiwa amelivaa mtoto mwenye makamasi; kwa kalamu tu ndipo nathubutu.

Mambo ya sweta, sabuni na kutafuta kanisa huko Nanyuki unakoenda kuanza kazi tulimaliza jana. Leo nataka kuongea juu ya Jumapili, kwa sababu tangu siku hiyo unaniangalia kama mtu aliyemkuta mama yake akiiba.

Ulikuwa hapo. Baba yako mkubwa Musyoka aliingia akishikwa mikono na wazee wawili wa kanisa, miguu imevimba mpaka viatu havifungiki. Akanywa maji. Akaangalia nje, pale lori letu, Muvea, limesimama, kisha akasema, "Shemeji, safari yangu imekaribia. Daktari hajasema, lakini macho yake yamesema. Siku hiyo ikifika nataka nitoke mochari nikiwa juu ya Muvea. Kama Baba."

Nikamwambia, "Choo bado kiko pale, shemeji."

"Choo kitatolewa."

"Kimekaa sana. Labda kimezoea."

Mzee mmoja akakohoa. Mwenzake akasema, "Mama Kioko, hapa tumekuja kwa amani." Nikajibu kwamba amani haijakatazwa kuingia, na kuhusu lori tutaona. Wewe ukamsindikiza mpaka kwa geti, ukarudi umekunja uso. "Mama, huyo ni mtu anakufa. Utamnyima lori? Ukikataa, mimi nitakuja niliendeshe mwenyewe." Nikachukua ndoo nikaenda kuteka maji, na mtungi ulikuwa umejaa. Jibu sikukupa siku hiyo. Jibu ndilo hili, na ni refu.

Wewe umeijua Muvea ikiwa imeshazeeka na kupendwa. Mimi niliolewa nikaikuta ikifanya kazi. Babu yako aliinunua kwenye shamba la mkonge wakati mzungu mwenye shamba alikuwa akifunga mizigo arudi kwao. Lilikuwa lori la pua ndefu, taa mviringo zimesimama juu ya madigadi ya magurudumu kama macho ya mbuzi aliyeshtuka, na injini nzito ambayo mtu anaifungua kwa spana na kuona kila kitu kinachofanyika ndani. Bodi ya nyuma ilitengenezwa na fundi wa mbao pale mjini Machakos, ubao kwa ubao, bila haraka. Siku lilipofika hapa Kola mara ya kwanza, akina mama walilizunguka wakisema muvea, muvea, yaani asante, kama vile limenunuliwa kwa ajili yao. Mzee akaita mwandishi wa mabango, akaandikiwa jina hilo juu ya kioo.

Lilibeba nyanya na vitunguu kutoka soko la Muthetheni, saruji kutoka Athi River, kwaya, mabibi harusi, mbuzi wa mahari. Na lilibeba wafu. Kila mtu wa boma hili aliyefia mbali alirudi nyumbani juu ya Muvea, amefunikwa turubai, na ndugu zake wameketi pembeni wakiimba. Haikuandikwa popote, lakini ilikuwa sheria. Likipanda mlima, sauti yake ilijulikana. Mama mkwe alikuwa anasikia gia inabadilishwa kule chini na kuniambia, "Injika chai, wamefika kwa mkuyu." Alikuwa hakosei.

Gia zile unazijua. Hazina huruma. Lazima ukanyage klachi, uachilie, usikilize injini, ukanyage tena, ndipo zikubali. Ukizilazimisha zinalia kama mtu anatafuna mawe. Musyoka ndiye kifungua mimba, kwa hivyo ndiye aliyefundishwa kwanza. Siku moja ya soko alikosa gia katikati ya mlima, lori likaanza kurudi nyuma na magunia na wanawake juu. Tanboi, msaidizi wa dereva, akaruka, akatupa jiwe nyuma ya gurudumu, likasimama. Maharagwe yalimwagika barabara nzima. Wanawake wakashuka kuyaokota wakipiga kelele, "Musyoka! Sisi tunaenda sokoni, wewe unaturudisha kwa mama zetu?"

Babu yako alikuja kwa miguu akakuta hao wanawake bado wameinama. Hakuuliza kitu. Alichukua hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini, akampa baba yako, ambaye alikuwa mdogo wake Musyoka, na akasema, "Kuanzia leo lori ni la Mutisya." Nitasema haki, Kioko: mzee alikosea. Hayo angeyasema ndani ya nyumba. Alimvua mtoto wake nguo mbele ya soko, na Musyoka hakuzivaa tena. Mimi hilo nalielewa. Kuelewa hakujanipoza.

Sasa, stata ya kuwashia Muvea ilikufa kabla sijaolewa, na baba yako hakuona haja ya nyingine. Kila jioni aliliegesha pale juu ya mteremko, pua ikiangalia chini, jiwe mbele ya gurudumu. Asubuhi alitoa jiwe, akaruka ndani, likateremka kimya kama ng'ombe anaenda mtoni, na likifika karibu na uzio akaachilia klachi, likaamka. Nilipokuja nikiwa bibi harusi niliuliza kwa nini nyumba yetu imejengwa pembeni hivi, na uwanja mzuri umeachwa wazi katikati. Baba yako akashangaa. "Hapo ni pa lori. Ungetaka tulale njiani?"

Baba yako alipofia hospitali, wewe ulikuwa hujaanza shule. Musyoka akashika mambo yote kwa mikono miwili, na watu wakamsifu, mkubwa mzuri, anasimama na mjane. Unajua matanga yetu. Watu ni wengi, lazima kichimbwe choo cha wageni. Aliwaleta vijana na majembe, akatembea huku na huku, akagonga fimbo chini. Pale chini ya mteremko, katikati kabisa.

Nikauliza, "Hapo si ndipo Muvea hupita?"

Akanishika bega, tena kwa upole. "Shemeji, wewe lia. Mambo ya wanaume tuachie wanaume."

Nikalia. Na katikati ya kulia nikasimama, nikawapikia wale wachimbaji chai ya maziwa, nikaongeza sukari kwa sababu niliona wanatoka jasho. Hicho ndicho kitu ambacho kinaniamsha mpaka leo. Kifo Mungu alikipanga, simuulizi. Lakini chai! Kaburi la heshima ya mume wangu lilichimbwa mbele yangu na mimi nikauliza kama kuna anayetaka kikombe kingine.

Siku ya kumtoa baba yako mochari, wanaume walienda kwa Muvea. Hendeli haikuonekana mbele kwa dereva wala chini ya kiti. Mteremko wenyewe ulikuwa umekatwa na shimo refu kuliko mtu. Musyoka akaweka mkono mdomoni. "Ooh! Tumesahau lori!" Nilikuwa karibu naye, Kioko. Mdomo ulikuwa umefunikwa, lakini macho niliyaona, na hayakuwa yamesahau kitu. Baba yako, dereva wa Muvea, aliyebeba kila mtu wa boma hili, alirudi nyumbani kwa pikapu ya kukodi iliyotoka kupeleka kabeji. Majani yalikuwa bado yako chini ya jeneza. Niliyatoa mimi, moja moja.

Choo cha matanga hufukiwa wageni wakiisha. Hiki alikijengea kuta za mawe, akaweka mlango, akaweka na kufuli. Niambie ni nani hufunga choo cha matanga kwa kufuli. Muvea ikakaa pale juu kama mbwa aliyefungwa, nyasi zikamea mpaka kwa rejeta, kuku wakataga juu ya kiti cha dereva. Alikuwa anasubiri niombe. Sikuomba, akaleta watu wa kukata vyuma na mitungi yao ya gesi. "Shemeji, hii ni skrepa tu, inakuzibia shamba." Nilikupakata, nikapanda nikakaa kwa kiti cha dereva, nikafunga mlango. Nikawaambia wale vijana, "Anzeni kukata hapa kwa goti langu, halafu mwendelee." Mmoja akasema, "Mathe, sisi tuliambiwa hii haina mwenyewe." Wakaondoka wakimtukana Musyoka kwa mafuta yao waliyochoma bure.

Hapo ndipo nilianza kuomba vibaya. Mimi ni mtu wa kanisa, unanijua, sikosi maombi ya akina mama. Kule tunafundishwa kisasi tumwachie Mungu. Nilimwachia. Nikamwachia tena. Halafu nikawa namkumbusha. Kuna siku pasta aliuliza kama kuna mwenye ombi la siri, nikainua mkono, na siri yenyewe ilikuwa Musyoka akose usingizi. Usifanye hivyo. Sikuambii kwa sababu ni dhambi, ingawa ni dhambi. Nakuambia kwa sababu nilipoteza jioni nyingi nikichungulia kama taa yake imezimwa, na wewe ulikuwa hapa ndani ukinionyesha hesabu zako za shule, na mimi nasema ndiyo, ndiyo, vizuri, bila kuangalia.

Nilichofanya baadaye ndicho kilinisaidia. Nilienda mjini kwa mhunzi wa jua kali nikatengenezewa hendeli nyingine. Sikuwa najua kuendesha, lakini nilikuwa nimekaa kando ya baba yako safari zote za Muthetheni, na masikio yangu yalikuwa yanajua gia kuliko mikono ya Musyoka. Mara ya kwanza kuzungusha nilizungushia kidole gumba kwenye chuma kama mtu anashika jembe. Injini ikapiga kinyume, kidole kikavunjika. Ndiyo maana hakikunjiki. Dereva mmoja mzee pale sokoni alinicheka mpaka akashika tumbo. "Mama, kidole gumba kikae upande mmoja na wenzake! Hiyo hendeli si mkono wa pasta!"

Nilipopona nikarudi. Unakumbuka siku Muvea ilipowaka? Ulikimbia ukajificha kwa jikoni. Chini kulikuwa na choo, kwa hivyo nilienda nyuma, juu, kupitia maharagwe yangu mwenyewe, nikabomoa tuta moja na uzio, moshi umejaa boma lote. Niliharibu chakula cha msimu mzima. Musyoka akatoka nje na sahani mkononi. Nilipiga honi hata bila sababu. Mungu anisamehe, sijawahi kuimba wimbo wowote kanisani kwa furaha kama ile.

Tangu siku hiyo Muvea imetulisha, na wewe imekulea. Ulijifunza kusoma kwenye namba za injini. Na dunia nayo ikageuka. Malori ya siku hizi ni mazuri, yana kiti laini na kompyuta, lakini yakiharibika yanawasha taa tu, na dereva anakaa kando ya barabara akipigia mtu simu. Muvea ikiumwa inasema mahali. Ndiyo maana harusi zinaitafuta, na vijana wa Athi River wanapanda kwa bampa kupiga picha. "Niaje mathe, hii chuma ni ya mwaka gani?" Na wazee hawaulizi mwaka. Wanaweka mkono kwa madigadi, halafu wanakuambia walibebwa nayo kwenda wapi, na nani alikuwa amekaa kando yao. Nimeona mwanamume mzima akinusa turubai.

Yule bwana wa Nanyuki mwenye yadi ya malori ya zamani alikuona wewe ukiifungua kabureta kando ya barabara baada ya harusi, ndipo ukapata kazi hii. Kitu ambacho hujui ni kwamba siku hiyo aliniomba na Muvea pia. Si kununua. Alisema ana paa, na hapo kuna malori ya rika lake, litunzwe pamoja nayo na libaki la kwetu. Nilimwambia lori langu si la maonyesho.

Jumatatu nilimpigia simu.

Unajua Jumanne kilitokea nini huko chini. Vijana wa Musyoka walikuja na nyundo. Walibomoa choo, wakatupa mawe shimoni, wakafukia, wakashindilia. Yeye alikuwa ameketi kwenye kiti akielekeza kwa fimbo, ile ile au ndugu yake. Chai sikupika. Walipomaliza akaniita.

"Umeona, shemeji? Njia imefunguka."

"Nimeona."

"Na ile hendeli ya zamani..." Akaangalia miguu yake. "Niliitupa mtoni."

"Nilijua."

"Basi tumeelewana?"

Nikamwambia, "Njia ni nzuri, shemeji. Asante." Akaenda zake amefurahi, akishikiliwa na vijana. Nilimwona akigeuka kuiangalia Muvea kama mtu anaangalia kitanda alichotandikiwa. Hakuomba msamaha, Kioko. Alikuwa ametengeneza njia ya jeneza lake. Kama angesema neno moja tu juu ya yale majani ya kabeji, sijui ningekuwa naandika barua gani sasa. Nilisubiri, tena nilitega masikio. Akauliza kama matairi yako sawa.

Kwa hivyo sikiliza. Tikiti yako ya basi nimempa mtoto wa jirani anayeenda kumwona dada yake huko. Kesho asubuhi utaondoka na Muvea. Imewekwa mafuta, na bwana wa Nanyuki anawangoja nyote wawili, wewe na lori. Hutazungusha hendeli. Utatoa jiwe, utaliachilia literemke pale katikati, kama baba yako. Nimeweka mbao juu ya shimo lililofukiwa, udongo bado ni mbichi. Likifika hapo achilia klachi, liamke juu ya shimo la Musyoka. Atasikia. Usingizi wake siku hizi ni mwepesi.

Nakupa kwa sababu ni lako. Hendeli ilienda kwa Mutisya, na kutoka kwa Mutisya inaenda kwako. Hilo ningekuandikia peke yake ungefurahi, na ingekuwa barua safi ya mama. Lakini nisingelala. Nakupa pia ili siku ya Musyoka ikifika waangalie pale juu wakute nyasi tu. Nataka atolewe mochari kwa gari la kukodi, na wanawe waulizane limetoka kubeba nini. Zote mbili ni kweli, na sijui ipi ni nzito. Nimemwambia Mungu wazi hivyo hivyo. Hajanijibu, na sijabadilisha mawazo.

Wewe usimchukie. Nasema kwa dhati, na si maneno ya kujipendekeza. Alikununulia viatu vyako vya kwanza vya mpira, na ulipougua tumbo alikaa nawe zahanati. Mpigie simu ukifika. Mwite Baba Mkubwa kama kawaida. Hasira hii ni yangu, niliipika mwenyewe kwa sukari nyingi, na sitaki kukuta umejipakulia.

Najua pia ulisema nini Jumapili, na najua moyo wako ni laini kama wa baba yako. Ukiwa Nanyuki na funguo za yadi, sitaweza kukushika mkono. Lori litakuwa la kwako, na safari itakuwa ya kwako. Sitakulaani, na ukifika nalo nitakufungulia geti, kwa sababu mimi ni mama yako.

Lakini nakuomba, mara moja hii, unisikilize bila kunikatiza. Siku utakayopigiwa simu kwamba Musyoka amekufa, omba ruhusa, njoo umzike baba yako mkubwa. Beba jeneza mbele, mahali pa mtoto wa kiume. Mwage udongo. Mlilie, ana haki ya kuliliwa na wewe.

Njoo kwa basi.

Mama yako